Setilaiti yaona miti, lakini haioni lango

Je, msomaji, ukitoka nyumbani jioni ya leo, utatembea hatua ngapi kabla ya kufika penye kivuli cha mti ambapo utaketi bila kufukuzwa na askari?

Swali hilo linahusu afya yako. Miti hupunguza joto la mtaa, na palipo na kivuli watu hutembea, zoezi ambalo madaktari huwahimiza wenye shinikizo la damu na kisukari. Mnamo 2017, ofisi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) barani Ulaya ilishauri kwamba mkazi wa mji awe na bustani ya umma ya angalau nusu hekta, umbali usiozidi mita 300 kutoka kwake.

Siku hizi wataalamu hupima miti ya mji kwa setilaiti. Jani lenye afya hunywa mwangaza mwekundu wa jua na kurudisha miale mingine tusiyoiona kwa macho. Setilaiti hupima yote mawili, kisha kila kipande cha ardhi hupewa alama: mabati na lami hukaribia sifuri, msitu mnene hukaribia 1. Picha za Landsat ya Marekani zimekuwa za bure tangu 2008, na kipande chake kimoja ni mita 30 kwa 30. Mwembe wa pekee uani kwako humezwa humo.

Jijini Nairobi, Karura huonekana wazi, ule msitu ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka wa 1999. Muthaiga nako ni kijani kitupu. Sogeza kidole kidogo tu, uko juu ya mabati ya Mathare. Hapo ndipo ramani hupotosha. Kiwanja cha gofu hupata alama nzuri, ilhali mama wa Mathare hawezi kumpeleka mtoto wake kucheza humo.

Kuna na hila ya msimu. Picha ya Mei, baada ya mvua, huhesabu hata magugu ya kando ya reli; ya Februari huonyesha nyasi zilizokauka. Kwa hivyo ukionyeshwa ramani ya mtaa wako, uliza ilipigwa mwezi gani, na ni nani anayeruhusiwa kuingia katika hicho kijani.

Kisha pima mwenyewe. Mita 300 ni hatua 400 na kitu za mtu mzima. Ukizimaliza bado uko kwenye lami, mwandikie mwakilishi wa wadi yako, umtajie barabara uliyopita.