Kidonda cha nyuzi: bendeji ibadilishwe mara ngapi?

Tukishonwa kidonda, wengi wetu hukosea kwa njia mbili. Kuna anayefungua bendeji asubuhi na jioni ili achungulie, na kuna anayeiacha wiki nzima hadi inaanza kunuka. Wote wawili wanakaribisha usaha.

Somo zuri la jambo hili linapatikana kaunti za Homa Bay na Migori. Sisi wa Pwani tumezoea mtoto wa kiume kutahiriwa angali mdogo, mama na nyanya wakimwangalia. Waluo, walio wengi katika kaunti hizo, hawakuwa na mila hiyo, tofauti na jirani zao Wakuria wa Migori. Mwaka 2006 utafiti uliofanyika Kisumu ulionyesha kuwa tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke. Mwaka 2008 serikali ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari huko Nyanza. Tangu hapo watu wazima wengi wameshonwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kila mmoja hulazimika kutunza bendeji yake mwenyewe.

Wanachoelezwa ni hiki. Bendeji ya kwanza haiguswi kwa saa 48, na isilowe. Katika siku mbili hizo kingo za ngozi zinaanza kushikana na kujiziba. Ukifungua kila mara, unachubua ngozi changa na kuingiza vijidudu. Lakini ikilowa damu, maji au mkojo, au ikichafuka, ibadilishwe papo hapo. Usingoje saa zitimie.

Baada ya siku mbili mtu hurudi kliniki na bendeji hutolewa. Ikiwa imegandamana, hailazimishwi. Hulowanishwa kwanza kwa maji safi ya chumvi. Kidonda kikiwa kikavu, kwa kawaida hakifungwi tena. Huoshwa taratibu kwa sabuni na maji safi mara mbili kwa siku, kikaachwa kikauke, na mtu huvaa chupi safi. Siku ya saba hukaguliwa tena. Nyuzi za tohara huyeyuka zenyewe, lakini tendo la ndoa husubiri wiki 6.

Kwa kidonda kingine, kama cha panga au cha upasuaji, saa 48 za mwanzo ni zile zile. Kikiendelea kutoa majimaji, muuguzi atakwambia ubadilishe kila siku au kila baada ya siku mbili. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada ya kukigusa. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kliniki: za usoni baada ya siku 5 hivi, za mguuni huweza kufika siku 10 hadi 14. Usizikate mwenyewe.

Usipake majivu, kahawa, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Uchafu wa namna hiyo unaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua. Uliza kama umepata chanjo yake.

Rudi hospitali mara moja ukiona damu isiyokoma, uvimbe unaoongezeka, usaha, harufu mbaya, homa, au ukishindwa kukojoa. Usingoje tarehe uliyopewa.