Kabla ya Kuazima Magadi, Jaribu Maji

Kitengela ni mji wa watu waliotoka kwingine. Kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga utamkuta Mkamba na muthokoi wake, Mluhya anayepika mrenda, Mkisii mwenye saga, Mkikuyu aliyebandika githeri, na Mmaasai mwenye maziwa ambayo wote hao watayahitaji kabla ya wiki kwisha. Wanaanika nguo kwenye kamba moja, na mawaidha ya jikoni hupita papo hapo: loweka usiku kucha, usitie chumvi mapema, weka magadi kidogo tu, dada, yataiva upesi. Mengi yana ukweli ndani yake. Shida ni kwamba yalizaliwa kwenye maji mengine na mwinuko mwingine.

Mwinuko hauna mjadala mrefu. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kajiado uko juu zaidi. Huku maji hutokota yakifika nyuzi 95 hivi za Selsiasi, si 100 kama Mombasa. Ukiongeza moto yatarukaruka na gesi itakwisha, lakini joto litabaki palepale. Sufuria ya presha hufungia mvuke ndani na kulipandisha joto kupita nyuzi 110, basi maharagwe yaliyokula saa mbili huiva kwa muda mfupi sana.

Maji ndiyo yenye mambo. Wakazi hutumia ya visima virefu, ya boza, ya mvua, na wenye bahati hupata ya bomba la Nolturesh linaloanzia upande wa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Ya kisima huitwa yote "maji ya chumvi", ingawa kwa mpishi kuna aina mbili zinazopingana kabisa. Kisima kilichopita kwenye mawe ya chokaa hutoa maji yenye kalisiamu na magnesiamu. Madini hayo hung'ang'ania pektini, ile gundi inayoshika seli za punje, na kuikaza. Unachemsha tangu asubuhi na maharagwe bado yanalia chini ya jino. Kisima cha kwenye miamba ya volkano mara nyingi huwa na sodiamu na bikaboneti. Hayo hulainisha maharagwe bila msaada wowote, maana kikemia yamekaribiana na maji yaliyokwisha kutiwa magadi.

Kujua yako ni yapi hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki, ijaze nusu, kwangulia ndani sabuni kidogo ya mche, kisha uitikise. Usitumie sabuni ya unga. Hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu na itakudanganya. Povu likisimama, maji ni laini. Ukiona utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyokatika, hayo ni magumu, na birika lako lenye gaga lilikuwa limeshakuambia. Kwa maharagwe, kinga ya mvua au nunua mtungi mmoja wa maji laini wa kupikia tu.

Sasa magadi yenyewe. Yanatoka Ziwa Magadi, ndani ya kaunti hiihii ya Kajiado. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911 na reli yake kutoka Konza hupita mjini Kajiado. Sokoni huuzwa kama vijiwe vya weupe uliofifia. Ukivitia sufuriani, maji hugeuka kuwa ya alkali, pektini huachia, na sodiamu huifukuza kalisiamu. Maji ya majivu ambayo Waluhya wamekuwa wakichuja tangu zamani hufanya kazi hiyohiyo kwa potasiamu.

Bei yake ndiyo haisemwi uani. Alkali na moto huharibu vitamini B1, ambayo ni moja ya sababu za kula maharagwe, na huipunguza sana vitamini C ya mboga. Kubwa zaidi ni floridi. Magadi ya ziwani huja nayo, na visima vingi vya Kajiado tayari vimezidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Meno ya hudhurungi ya watoto hutokana nayo wakati jino lingali linaumbika ndani ya ufizi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea. Kwa maoni yangu, chungu cha mtoto wa Kajiado hakina haja ya magadi ya mawe. Ukishindwa kabisa, tia bikaboneti ya kuokea, ncha ya kijiko, kwenye maji ya kulowekea, kisha yamwage.

Chumvi nayo imesingiziwa. Kijiko cha mezani kwa lita mbili za maji ya kulowekea hulegeza ganda, kwa sababu ileile ya sodiamu kuchukua nafasi ya kalisiamu. Kinachokaza kweli ni uchachu: nyanya, limau, ukwaju. Visubiri punje ilainike. Kuna na maharagwe yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu hadi yakazeeka. Hayo hata magadi huyashinda, kwa hiyo muulize mama mboga kama ni ya msimu huu. Mekundu, hata ukiyapikia kwenye kikapu cha kuhifadhi joto, lazima kwanza yatokote kwa nguvu ili sumu yake ya asili ife. Wengi hutaja dakika 10. Kwa huku juu mimi husema 30.

Uchachu uliofukuzwa sufuriani unahitajika sahanini. Kachumbari ya nyanya, kitunguu, dania na limau kando ya githeri huleta vitamini C, nayo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe. Ikatwe karibu na kula, isilale.

Kwa mboga za kienyeji, terere haidai magadi; dakika chache zinaitosha. Majani ya kunde yaliyokomaa ndiyo magumu, na dawa yake ni kuchuma machanga. Chemsha sufuria ikiwa wazi: asidi inayofifisha rangi ya kijani hutoka na mvuke, na rangi ndiyo watu wengi wanayoitafutia magadi. Managu na saga zikiwa chungu, hapo ndipo maziwa ya jirani yanapoingia. Yatie mwishoni kwa moto mdogo, uziache zilale, zipashe kesho yake. Chai ya majani uipeleke mbali na mlo, saa moja hivi, kwa kuwa hukizuia kile chuma ambacho limau lilikuwa linakisaidia kupita.