Nyungunyungu wa Nyuma ya Jiko

Hapana mwanafunzi wa bweni asiyeijua kazi ya ufagio. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, twafagia majani ya miembe na migrivea yaliyoanguka usiku. Kwa miaka mitatu ya kwanza niliyokaa hapa tulikuwa tukiyatia moto nyuma ya jiko. Moshi uliingia bwenini, mashuka yakanuka, nasi tukaenda madarasani tukikohoa. Hatua thelathini tu kutoka pale ilikuwapo bustani ya shule, udongo wake mgumu kama sakafu, mchicha wake wa rangi ya manjano. Hakuna aliyeuliza kama mambo hayo mawili yana uhusiano. Mimi pia sikuuliza.

Mwanzoni mwa mwaka huu tukaambiwa kwamba bustani isipotoa mboga za maana hadi mwisho wa muhula, mahali pale patafanywa uwanja wa netiboli. Sina ugomvi na wachezaji wa netiboli, lakini ugali na maharage siku zote bila mboga ni chakula kinachochosha. Tulimwendea mwalimu wetu wa kilimo tukamwomba fedha za mbolea. Akajibu kwamba fedha hakuna, na tena akasema, "Chakula cha bustani hii mnakichoma wenyewe kila siku." Napenda kueleza maana ya maneno yale, na jinsi tulivyokosea kabla ya kufaulu.

Jani la mti limejengwa kwa kaboni iliyotoka hewani, pamoja na vitu ambavyo mizizi ilivivuta kutoka chini sana ardhini, mahali ambapo mzizi wa mchicha hauwezi kufika. Tukilichoma, kaboni na naitrojeni karibu yote huenda na moshi, nasi twabaki na majivu. Majivu nayo yana faida yake, kwa kuwa yana potasi na chokaa, lakini hayawezi kuulegeza udongo wala kuyashika maji. Jani likioza vizuri huwa mboji, yaani ile kitu nyeusi, nyepesi, inayonukia mvua, ambayo twaiona msituni tukifukua chini ya miti. Mboji hufyonza maji kama sifongo na kuyatoa polepole, na virutubisho navyo hunata humo visichukuliwe na mvua.

Basi tulirundika majani tu, tukangoja. Baada ya wiki tano yalikuwa majani yale yale. Sababu yake ni hii: mti si mjinga, kabla ya kuliangusha jani hurudisha sehemu kubwa ya naitrojeni ndani ya matawi. Vijidudu vinavyoozesha vitu hufanya kazi vizuri vikipata kaboni sehemu kama 30 kwa naitrojeni sehemu 1, na majani makavu yana kaboni kupita kiasi hicho. Hayana budi kuchanganywa na vitu vibichi, kama majani ya kufyekwa, maganda ya jikoni na samadi. Tukaanza upya. Tuliyakatakata majani kwa panga, tukapanga tabaka kavu na tabaka bichi, tukamwagia maji, hata biwi likawa na mita moja kila upande. Biwi dogo kuliko hilo halishiki joto. Ukitaka kujua maji yametosha, chukua konzi moja ukamue. Yakitoka matone mawili matatu yatosha, yakichuruzika yamezidi.

Siku ya nne tulichomeka ufito wa chuma katikati, na tulipouchomoa hakuna aliyeweza kuushika. Biwi zuri huweza kufikia nyuzi 60 za sentigredi, na joto hilo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Tulilipindua kila wiki ili hewa iingie. Joto lilipokwisha, ndipo zamu ya nyungunyungu ilipofika.

Hapa tulikosea tena. Tulichimba kando ya kijito tukapata nyungunyungu wakubwa, wanene, wa kijivu, tukawatia katika sanduku la mbao kwa furaha nyingi. Baada ya siku kumi wengi walikuwa wamekufa, na waliosalia wametoroka. Kumbe nyungunyungu si wa namna moja. Wako wanaoishi chini katika mashimo na kula udongo, nao hawapendi kufungiwa. Wako wengine, wadogo na wekundu, wanaoishi juu katika vitu vinavyooza. Hao wa pili tuliwapata chini ya samadi ya zamani kwa jirani mfugaji, nao ndio wanaofaa. Sanduku letu lina kina cha sentimeta 30, matundu chini ya kutoa maji, na gunia bichi juu yake, kwa maana nyungunyungu hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka hufa. Macho hana, lakini mwanga huutambua na kuukimbia.

Meno pia hana. Humeza jani lililolainika pamoja na chembe za mchanga, na ndani ya firigisi yake, kama ilivyo kwa kuku, mchanga ule husaga chakula. Kinachotoka nyuma ni vipunje vidogo vyeusi, vyenye naitrojeni na fosforasi ambazo mmea waweza kuzitumia upesi, na vyenye vijidudu vingi vya manufaa. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliandika kitabu kizima juu ya viumbe hawa mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa kwake. Alikadiria kwamba mahali pengi nchini mwake nyungunyungu hutoa juu ya ardhi zaidi ya tani 10 za udongo katika eka moja kila mwaka. Alijaribu hata kuwapigia piano, akaona hawasikii sauti. Lakini vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano yenyewe walishtuka kwa mtetemo na kujificha.

Shida yetu kubwa haikuwa nyungunyungu bali watu. Mama mmoja wa jikoni alipolifunua gunia alipiga kelele. "Wanangu, mnafuga minyoo karibu na sufuria zangu?" Tukamwambia, "Shikamoo mama, hawa si minyoo ya tumbo." Hakusadiki, na sikumlaumu, maana wanafunzi wengi pia wanavichanganya viumbe hivi. Minyoo ya tumbo huishi ndani ya mtu au mnyama. Nyungunyungu hawezi kuishi humo hata kidogo. Hata hivyo hofu yake ilikuwa na jambo la kweli ndani yake. Sanduku halipati joto kama biwi, kwa hiyo haifai kabisa kutia humo kinyesi cha watu au cha mbwa. Mama alisadiki kwa pua yake mwenyewe: wiki zilipita, hakuna harufu, hakuna nzi. Siku hizi hutuwekea maganda ya ndizi katika ndoo yake mbali, na ndimu huzitupa kando bila kuambiwa. Ndimu, mafuta, nyama na maharage yenye chumvi hatutii. Miguu ya sanduku imesimama katika makopo ya maji kwa ajili ya siafu.

Mwisho wa muhula tuta lililotiwa mboji tulilichuma mchicha mara nne. Tuta la jirani, mbegu zile zile, tulichuma mara moja likaisha. Bustani ikaachwa. Lakini nisiwadanganye wazazi wanaosoma hapa: masanduku matatu hayawezi kulisha eka mbili za mahindi. Mwaka 2022, bei ya mbolea za dukani ilipopanda, mama yangu alinunua nusu ya mfuko aliouzoea, akavuna kidogo. Nikimpelekea nyungunyungu hawatamwondolea haja ya duka. Vitalu vya miche na bustani ya nyuma ya nyumba ndipo mahali pao: sehemu moja ya vipunje kwa sehemu nne za udongo, au konzi moja katika kila shimo la nyanya. Biwi la majani ndilo laweza kwenda shambani kwa wingi, nalo halina bei ila jasho.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne twafanya mtihani, kisha twaondoka. Watakaotufuata wajue kwamba sanduku la kwanza na la pili yako tayari kuvunwa: wekeni chakula kipya upande mmoja, ngojeni wiki tatu nyungunyungu wahamie huko, ndipo mchote upande wa pili. La tatu lina mayai, vidude vya manjano vyenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti, basi lisiguswe hadi muhula ujao. Wakati wa likizo lahitaji maji kidogo mara mbili kwa wiki. Yule mama wa jikoni amekubali kulinyweshea, ila ametaka mbegu za mchicha kwa ajili ya nyumbani kwake, nasi tumeshampa.