Kazi na Ajira kwa Mwenye Ulemavu

Maneno “kazi” na “ajira” hutumiwa mara nyingi kana kwamba maana yake ni moja. Lakini kazi ni shughuli yoyote impatiayo mtu riziki na heshima. Ajira, neno lenye asili moja na “ujira”, hudai pawepo mwajiri. Tofauti hiyo yadhihirika katika sheria za Tanzania. Ile ya 1982 ilimtaka mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aajiri asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Ya 2010 ikataja wafanyakazi 20 na asilimia 3. Zote mbili zahusu ajira. Basi katika kata ya Chanji, mjini Sumbawanga, kiwete ashonaye nguo kibandani mwake, au asiyeona alimaye mahindi yake, ana kazi ila hana ajira, na asilimia hizo hazimfikii. Kilichomwelekea zaidi ni sheria ya 2018, iliyoagiza halmashauri zitenge asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kuvikopesha bila riba vikundi vya watu wenye ulemavu. Kwa upande mwingine, aliyeandikwa ili kutimiza hesabu tu, kisha akaachwa bila la kufanya, amepata ajira. Kazi bado hajaipata.