NJAA YA NYOKA SI KAMA NJAA YETU

Muhula uliopita chumba chetu cha sayansi kilipata mgeni, naye alikuwa mgeni aliyekataa chakula cha wenyeji. Mtunza bustani alimfunika kwa ndoo karibu na banda la kuni. Alikuwa nyoka mwembamba, mrefu kiasi cha mkono wa mtu mzima, rangi yake ya udongo, na madoa meusi mgongoni. Alipochokozwa alijikunja, akasugua magamba yake mpaka ukasikika mlio kama wa mafuta yanayochemka, na kila mtu akapiga kelele, "Kifutu huyo, auawe!" Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema huyo hana sumu. Tukamtia katika sanduku lenye kioo, tukachaguliwa wanafunzi wanne kumtunza. Mwalimu alituachia neno moja tu: "Chakula chake mtafuteni wenyewe. Maji yasikosekane, na kila Jumamosi mpimeni kwa mizani."

Basi tukaanza. Siku ya kwanza tulimpa chura, akamgeukia kisogo. Tukampa panya mdogo, akajificha chini ya gome la mti. Tukampa nyama, wala hakuinusa. Juma la kwanza likapita, na la pili. Sisi tuliokulia vijijini twajua maana ya mtoto kukataa chakula: mama hamwachi hata jioni, humbeba mgongoni akaenda zahanati. Kwa hiyo juma la tatu hofu ilitushika, na wawili wetu, mimi nikiwa mmoja wao, tulimshika kwa siri tukamsukumia kipande cha nyama kinywani. Usiku ule aliitapika, na midomo yake ikatoka damu kidogo. Mwalimu alipojua hakutupiga. Alituuliza tu, "Mizani imesemaje?" Tukatazama daftari. Siku ya kwanza alikuwa na gramu 62, na Jumamosi ile gramu 60. Akasema, "Basi mwenye njaa alikuwa nani, yeye au ninyi?"

Swali hilo lilinifanya nisome, na niliyoyapata ndiyo nitakayoyaeleza hapa.

Sisi wanadamu, pamoja na ng'ombe, mbuzi na ndege, tuna moto ndani ya mwili. Sehemu kubwa ya chakula chetu huliwa na moto huo, kama kuni za jikoni, ili mwili ukae na joto lake usiku na mchana. Nyoka hana moto huo. Joto lake hulipata juani au juu ya jiwe lililopata jua. Kwa sababu hiyo hahitaji kuni nyingi, na mlo mmoja waweza kumtosha kwa majuma au miezi. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Marshall McCue, alitangaza habari za nyoka wa aina tatu alionyima chakula kwa muda wa karibu miezi sita. Baadhi yao walipunguza matumizi ya nguvu mwilini hata kwa 72 kwa mia, na juu ya hayo waliendelea kurefuka.

Ajabu kubwa zaidi ni ya chatu. Asipokuwa na chakula, tumbo na utumbo wake hunywea na kupumzika, kama kiwanda kilichofungwa. Akila, kiwanda chote hufunguliwa mara moja. Wataalamu Stephen Secor na Jared Diamond walichunguza chatu wa Burma katika miaka ya 1990, wakaona kwamba baada ya mlo mkubwa sana mwili wake hufanya kazi mara 40 na zaidi kuliko alipokuwa amepumzika, na utumbo huongezeka uzito mara mbili. Mwaka 2005 wengine wakaonyesha kwamba hata moyo wake huongezeka, kiasi cha 40 kwa mia kwa muda wa siku mbili, kisha hurudi ulivyokuwa. Kumbe kwa mnyama wa namna hii kufunga si ugonjwa. Ni nusu ya maisha yake.

Sasa, kwa nini nyoka anayefugwa hukataa chakula hata kama tumbo lake ni tupu? Sababu ninazozifahamu ni tano.

Ya kwanza ni baridi. Bila joto nyoka hawezi kumeng'enya, na mlo utaoza tumboni. Kwa hiyo nyoka aliye katika baridi hufanya vyema kukataa, na aliyekula kisha akapatwa na baridi mara nyingi hutapika. Ninyi mnaojua usiku wa hapa Mwakiro katika mwezi wa Juni na Julai mtaelewa.

Ya pili ni kujivua gamba. Siku chache kabla ya kujivua macho yake huwa na ukungu kama maziwa, haoni vizuri, na hupenda aachwe peke yake.

Ya tatu ni uzazi. Chatu wa kike hujikunja juu ya mayai yake na kuyalinda. Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alieleza mwaka 2018 kwamba chatu wa kusini mwa Afrika hukaa hata na watoto wake kwa kama majuma mawili baada ya kuanguliwa. Muda huo wote mama hali kitu.

Ya nne ni hofu. Nyoka anayeshikwashikwa, asiye na mahali pa kujificha, hujiona ni windo, na windo halina nafasi ya kuwinda.

Ya tano ndiyo iliyotushinda sisi: chakula kisicho chake. Nyoka hachagui kwa macho tu. Ulimi wake wa panda huokota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa, na huko ndiko asemako moyoni, "Hiki ni chakula," au, "Hiki si kitu."

Katika juma la tano mwanafunzi mmoja wa darasa la kwanza alileta kiota kilichoanguka wakati wa kukata matawi, na ndani yake mayai matatu ya ndege. Alitaka tu kutuonyesha. Tukaliweka moja sandukuni bila matumaini. Nyoka akatoka chini ya gome, akaligusa kwa ulimi, akafungua kinywa kikapanuka kupita kichwa chake, maana taya zake za chini hazikuungana mbele kwa mfupa bali kwa kano zinazonyumbuka. Yai likaingia zima. Shingoni mwake kuna mifupa ya uti wa mgongo iliyochongoka kwa ndani, ikalipasua, ute na kiini vikashuka tumboni, kisha akalitema ganda limekunjamana kama karatasi. La pili akalila vilevile. La tatu akalinusa akaliacha. Tulipolivunja tulikuta kifaranga kimekwisha kuumbika.

Huyo alikuwa nyoka mla mayai. Meno yake ni machache na madogo sana, na ndege wasipotaga hufunga kwa miezi. Mwalimu alikuwa akijua tangu siku ya kwanza. Jumamosi iliyofuata tulimrudisha porini, mbali na nyumba za watu.

Ndugu zangu, nisieleweke vibaya. Sisemi mkamate nyoka. Mla mayai hufanana na kifutu na nyoka wengine wenye sumu, na kufanana huko ndiko kinga yake. Anayedhani anaweza kuwatofautisha kwa haraka huenda asipate nafasi ya kukosea mara ya pili. Wala sisemi kwamba nyoka hawezi kufa kwa njaa. Uti wa mgongo ukitokeza kama ukingo wa paa, ngozi ya ubavuni ikifanya mikunjo, uzito ukishuka juma kwa juma, au akipumua kinywa wazi na kutoa ute, huyo ni mgonjwa, na anayemjua nyoka aitwe. Lakini kabla ya hapo uliza: Ana joto? Yu karibu kujivua? Ana mahali pa kujificha? Hiki ni chakula chake? Na mizani inasemaje?

Wazee wetu wamesema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Sisi wanne tulijifunza upande wa pili: mwenye kuogopa njaa hamjui aliyetosheka. Tulimtia jeraha mnyama asiyekuwa na shida, kwa kumpenda bila kumjua. Heri tungalitazama daftari kwanza.