Kitone chekundu kinavyowapotezea vijana wa kompyuta muda na wateja

KWA msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, Bungu ni mji mdogo wa kando ya barabara kabla ya kufika Kibiti. Eneo hilo ni la mikorosho na minazi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika zao la korosho mwaka 2007, chama cha msingi kinachokusanya korosho hulazimika kuwa na hesabu safi ya kilo za kila mkulima. Kijana anayejua kuandika programu za kompyuta anaweza kupata soko hapo hapo nyumbani.

Chukua mfano wa kijana wa aina hiyo. Ameandika programu ya kujumlisha mizani ya wakulima 300 na kuondoa makato. Viongozi wa chama wamekubali kuiona kabla ya kutoa malipo ya awali. Anabonyeza kitufe cha kuanzisha, programu inamsoma mkulima wa kwanza, kisha kimya. Anaizima na kuanza upya, inakwama pale pale. Wazee wanatazamana.

Hesabu yake haina kosa, na kompyuta haina kirusi. Pembeni mwa maandishi ya programu, upande wa kushoto, kuna kitone chekundu alichokiweka bila kujua. Kitone hicho huitwa brekipointi. Ni amri ya kuiambia programu isimame kwenye mstari huo ili mwandishi aikague. Katika Visual Studio hutosha kubofya mara moja ukingoni, au kugusa kitufe cha F9. Katika Eclipse hubofywa mara mbili. Mgeni wa vyombo hivi, ambaye kipanya kimemteleza, hana sababu ya kukishuku kitone kidogo namna ile.

Wazo lenyewe ni la zamani. Betty Holberton, mmoja wa wanawake sita walioiandalia programu mashine ya ENIAC iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Wakati ule waya ulichomolewa kwa mkono ili mashine isimame. Kuchomoa waya kwa bahati mbaya si rahisi. Kubofya ni rahisi mno.

Kinachowachanganya zaidi wanaoanza ni kwamba kitone hakifutiki kwa kuzima kompyuta. Chombo hukihifadhi, na kesho yake kipo. Tena mara nyingi hukihifadhi kando, nje ya maandishi ya programu, hivyo kijana akimtumia mwenzake maandishi hayo kwa barua pepe, kwa mwenzake kazi inakwenda vizuri. Hapo ndipo wengine huanza kufuta mistari iliyo sahihi, au kununua bando ili wapakue chombo kizima upya. Siku mbili zimekwisha, na fedha imetoka.

Dalili zake zinajulikana. Mstari mmoja hung'aa kwa rangi, ya njano kwa Visual Studio, na kitufe cha kuanzisha hugeuka kuwa cha kuendelea. Programu haijafa, inasubiri. Ikiwa kitone kimeangukia ndani ya mzunguko unaorudiwa kwa kila mkulima, kubonyeza F5 kutaisogeza hadi kwa mkulima wa pili tu, kisha wa tatu, na kwa wakulima 300 hiyo ni adhabu. Dawa ni kukibofya tena kitone kiondoke, au kubonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja, njia ambayo Visual Studio hutumia kuviondoa vyote.

Kwa maonyesho mbele ya mteja, Ctrl na F5 huiendesha programu bila ukaguzi, na vitone hupitwa. Programu iliyokwisha kutengenezwa na kuwekwa kwenye kompyuta ya chama haiendi na vitone hivyo. Karani anayepima magunia ghalani hatakutana navyo.