Isale: Mpaka Unaoota Mizizi

Askari anapohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, kiwanja chake cha nyumbani hubaki mikononi mwa mkewe, wazazi na majirani. Arudipo likizo, pengine baada ya mwaka mmoja au miwili, huenda habari ya kwanza baada ya salamu ikawa ni ya mpaka. Vigingi vya mti vimeliwa na mchwa, mawe yamesogezwa na jembe, na migomba ya jirani imeingia hatua mbili ndani ya shamba. Hapo ndipo ugomvi huanzia.

Katika wilaya ya Kasese hatua mbili za ardhi si jambo dogo. Wakulima wake wamebanwa kati ya Milima ya Rwenzori na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na miteremko ya milima ni mikali. Mito nayo haina huruma: mwezi wa Mei mwaka 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukateremka na mawe makubwa kupitia Kilembe hadi mji wa Kasese. Maji ya namna hiyo yakipita, alama nyingi za viwanja hutoweka.

Kwa sababu hizo, yafaa kila nyumba ikumbuke mmea ambao wazee wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki wameutumia tangu zamani. Wachaga wa Kilimanjaro huuita isale, Waganda huuita oluwanyi, na wataalamu wa mimea huuita Dracaena fragrans. Shina lake husimama wima, na majani yake marefu, yenye ncha kama upanga, hubaki mabichi mwaka mzima. Msituni huweza kufikia urefu wa mita 15, lakini ukikatwa mara kwa mara huwa ua mzuri wa kimo cha mtu. Maua yake meupe hutoa harufu nzuri wakati wa usiku.

Kwa Wachaga heshima ya mmea huu ni kubwa kupita ile ya ua. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba radhi, na si rahisi kwa aliyekosewa kulikataa. Hivyo mmea unaotenganisha mashamba ndio huo huo unaopatanisha watu.

NAMNA YA KUPANDA

Mbegu hazihitajiki. Hukatwa pingili za shina zilizokomaa, zenye urefu wa sentimita 30 hadi 45, nazo huachwa kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke. Kisha kila pingili huzikwa kiasi cha theluthi moja, upande uliokuwa chini ukiwa chini. Kwa alama ya mpaka, nafasi ya mita moja kati ya miche yatosha. Kwa ua wa kuzuia kuku na mbuzi, nafasi iwe sentimita 30. Wakati bora ni mwanzo wa mvua, yaani mwezi wa Machi, au Agosti kuelekea Septemba. Udongo usituamishe maji, kwani shina huoza.

Yafaa kutofautisha mahali na mahali. Kwenye vilima vilivyo juu ya Bwera, penye mvua na vivuli vya migomba na kahawa, isale hustawi bila taabu, kwa kuwa kwa asili ni mmea wa chini ya miti mikubwa. Ukipandwa kwa kukingama mteremko, safu yake husaidia pia kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini katika tambarare ya Kasese, ambako jua ni kali na mvua ni haba, majani huungua ncha. Huko upandwe penye kivuli cha mti au cha nyumba, uwekewe matandazo ya majani makavu, na umwagiliwe mpaka ushike mizizi.

Mahali pasipo na kivuli kabisa, sansevieria hufaa zaidi. Huu ni mmea wa ukoo mmoja na isale, wenye majani manene, magumu, yanayohifadhi maji. Hupandwa kwa kugawanya mashina yake yanayotambaa chini ya udongo. Ukame hauudhuru sana. Adui yake ni maji mengi. Watoto wakatazwe kutafuna majani ya mimea yote miwili, na mbwa wazuiwe vilevile, kwani humtapisha anayeyala.

MASHAHIDI KWANZA, MMEA BAADAYE

Wepesi wa isale kuota ndio sifa yake, na ndio hatari yake pia. Mwenye tamaa aweza kuchomeka safu mpya usiku mmoja, na baada ya misimu michache ikaonekana kana kwamba ilikuwapo daima. Wazee wenye uzoefu hutazama shina: la zamani ni nene na lina makovu ya kukatwa mara nyingi, la jana ni jembamba.

Kwa hiyo isale isipandwe na mtu mmoja peke yake. Majirani wa pande zote mbili wawepo, pamoja na wazee na mwenyekiti wa kijiji. Hatua zipimwe kutoka kwenye kitu kisichohama, kama kona ya nyumba au jabali, ziandikwe, na wote watie sahihi. Mke wa askari awepo pia, maana ndiye atakayeulizwa mumewe akiwa kazini. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, inayotambua umiliki wa kimila, yataka idhini ya mume au mke kabla ardhi ya familia haijauzwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Isale haishindi daftari, wala daftari halishindi ushahidi wa majirani. Lakini vitatu hivyo vikiwa pamoja, askari aweza kulinda mpaka wa nchi pale Mpondwe, naye akalala akijua kwamba mpaka wa nyumbani kwake umesimama.